Injini ya Vita Katika Banda la Gemu la Mbagala

Ukishuka Mbagala Rangi Tatu na kuingia mitaani kidogo, huna haja ya kuuliza banda la gemu liko wapi. Litakuita lenyewe. Utasikia watu wakishangilia goli saa nne asubuhi, siku ya Jumanne, wakati hakuna ligi inayochezwa. Nililoingia mimi lilikuwa la mabati, lina pazia la khanga mlangoni ili jua lisipige kwenye vioo, mabenchi mawili na TV tatu. Mbili zilikuwa za chogo, zimeunganishwa na PS2. Ya tatu ilikuwa flati, chini yake PS4 imewekwa juu ya vipande viwili vya mbao ili ipumue. Ukutani pameandikwa kwa chaki: aliyefungwa anampisha mwenzake.

"Kaka, niwekee FIFA," dogo mmoja alisema, sarafu mkononi.

"FIFA ina foleni. Kaa PES hapo, iko wazi," mwenye banda akamjibu bila kugeuka.

"PES ya kwenye chogo? Hapana kaka, nasubiri."

Mechi ya PS4 pale ni ghali kuliko ya PS2, na bado foleni ilikuwa kwake. Zamani PES ndiyo ilikuwa mfalme wa mabanda haya, kuanzia Tandika hadi Tandale. Nani alimpindua, na kwa silaha gani? Wachezaji watakwambia FIFA ina picha nzuri. Ni kweli, lakini picha hizo zina historia ya manunuzi. Kampuni ya Kimarekani inayoitengeneza FIFA, Electronic Arts, EA kwa kifupi, ilinunua injini mbili za gemu katika muda wa miaka miwili. Ya kwanza ilifia mikononi mwake. Ya pili ilikaa miaka kumi kabla haijagusa mpira, halafu ndiyo ikatoa picha zilizomweka dogo yule kwenye foleni.

Sufuria tano, jiko moja

Gemu ya mpira si mkanda uliorekodiwa. Mashine huchora picha upya mara 50 au 60 kila sekunde, kuanzia nyasi hadi kivuli cha kibendera cha kona. Kwa mwendo wa picha 60, kila picha ina milisekunde 16 na ushei za kukamilika. Ikichelewa, mpira unagandaganda na mwenye pedi analalamika kwamba ameibiwa goli. Injini ya gemu ndiyo msimamizi wa kazi hiyo. Inapewa taarifa kwamba mshambuliaji yuko hapa, goti limekunjwa hivi, taa zinawaka kutoka kule, kisha inaiambia chipu ya picha ichore nini na kwa mpangilio gani. Kampuni isiyo na injini yake hukodi ya mwenzake, kama seremala asiye na mashine ya kuranda anavyopeleka mbao zake kwa jirani.

PS2 ilipotoka Japani Machi 2000 ilikuwa na nguvu, ila waandishi wa programu iliwatoa jasho. Memori yake kuu ilikuwa megabaiti 32, na chipu ya picha ilikuwa na megabaiti 4 tu za kwake. Piga hesabu. Picha yenye upana wa pikseli 640 na kimo cha 448 ina pikseli 286,720. Kila pikseli ikila baiti 4, picha moja inafika megabaiti 1.1. Zinahitajika mbili, moja inayoonekana kwenye TV na nyingine inayochorwa nyuma yake, pamoja na ramani ya umbali inayoonyesha nani yuko mbele ya nani. Hapo karibu megabaiti 3.4 zimekwenda. Nyasi, jezi, nyuso za wachezaji 22 na mabango ya pembeni vinagombania kipande kilichobaki.

Ilibidi waandishi wapunguze ukubwa wa picha, au waingize vipande vya rangi na kuvitoa tena na tena ndani ya picha moja, mithili ya mama ntilie mwenye jiko moja na sufuria tano. Anayejua sufuria ipi ishuke lini, wateja wake wanakula kwa wakati. Asiyejua, wali unaungua na mchuzi umepoa.

Katika soko hilo ndipo RenderWare ilipopata ulaji. Ilitengenezwa na Criterion Software ya Guildford, Uingereza, kampuni iliyokuwa mali ya Canon, hao hao wa kamera. RenderWare ilijua kupanga sufuria za PS2, na aliyeikodi alipata muda wa kushughulikia gemu yenyewe. Rockstar waliitumia kwenye Grand Theft Auto III, Vice City na San Andreas. Konami waliitumia kwenye Pro Evolution Soccer, ile PES ambayo kwenye toleo lake la 6 mtu akishika Inter Milan na kumpa Adriano mpira nje ya kumi na nane, golikipa anaanza kuomba dua.

Kununua kisima cha kijiji

Julai 2004 EA ilitangaza kuinunua Criterion. Litazame dili hilo kwa macho ya Konami. Unauza chipsi, na mshindani wako wa mtaa huo huo amenunua kiwanda cha mafuta unayokaangia. Anakuambia usiwe na wasiwasi, mafuta utaendelea kuyapata. Utalala usingizi?

Kwenye karatasi, EA ilipata vitu viwili: vijana wenye kipaji waliotengeneza gemu za magari za Burnout, na injini iliyokodiwa na nusu ya mtaa. Kilichowashinda ni kwamba vitu hivyo viwili havikai pamoja mikononi mwa mshindani. Injini ya kukodisha thamani yake ni kuaminiwa, na aliyeimiliki sasa alikuwa mmoja wa washindani uwanjani. Kampuni kubwa hazikutaka siri za gemu zao zijazo zitegemee msaada wa fundi anayelipwa na mpinzani.

Wakaondoka. Rockstar walikuwa na pa kukimbilia, kwa kuwa kampuni mama yao, Take-Two, ilikuwa imeinunua Angel Studios ya California mwaka 2002, na injini ya studio ile ndiyo iliyokuzwa ikawa RAGE, iliyobeba Grand Theft Auto IV mwaka 2008. Wengine walihamia Unreal Engine ya kampuni ya Epic, ambayo toleo lake la tatu liliingia sokoni wakati RenderWare inayumba. EA nayo ikaacha kuifanya RenderWare bidhaa ya kuuza. Injini iliyotawala zama za PS2 haikupata maisha katika zama za PS3.

Ukitaka kuihesabia alama, Criterion kama studio ilikuwa ununuzi mzuri. Kama teknolojia, EA ilinunua kisima cha kijiji, wanakijiji wakachimba vyao.

Injini ya kubomoa nyumba

Mwaka 2006 EA ilikamilisha ununuzi wa DICE, studio ya Stockholm, Sweden, inayotengeneza gemu za vita za Battlefield. Ndani yake ilikuwa ikipikwa injini mpya iliyoitwa Frostbite, na ilionekana mara ya kwanza mwaka 2008 kwenye Battlefield: Bad Company. Sifa yake kubwa ilikuwa kubomoa. Ukipiga kombora, ukuta unatoboka kweli, na adui aliyejificha nyuma anabaki hadharani.

Safari hii EA haikujaribu kuikodisha kwa mtu yeyote. Iliamua Frostbite iwe injini ya nyumba nzima, studio zake nyingi ziitumie, ili ada za Epic zisilipwe na fundi wa studio moja aweze kuisaidia nyingine. Kihasibu, ni hoja isiyopingika. Kiufundi, walimbebesha mtaalamu wa kubomoa kuta kazi ya kila aina. BioWare, studio ya Kanada ambayo EA iliipata mapema 2008, ilipoanza kutengeneza Dragon Age: Inquisition kwa Frostbite, ilikuta injini ya bunduki haina zana za kawaida za gemu ya hadithi, kama vile namna ya kutunza mzigo wa shujaa. Ilibidi zijengwe upya. Mass Effect: Andromeda ya 2017 na Anthem ya 2019 nazo ziliteseka kwa sababu zinazofanana. Hiyo ni gharama ambayo haikuandikwa kwenye mkataba wa kuinunua DICE, lakini ililipwa.

Mpira ulisubiri hadi Septemba 2016, FIFA 17 ilipotoka. Miaka kumi kamili baada ya ununuzi. EA haikutupa ilichokuwa nacho: mantiki ya mchezo, yaani pasi inakwenda vipi na beki anakaba vipi, ilibaki kazi ya mafundi wa soka wa studio yake ya Vancouver. Frostbite ilichukua mwanga, ngozi, vitambaa na mazingira.

Hilo la mwanga ndilo ukae benchi ulitazame kwa makini. Kwenye PS2, kung'aa kwa jezi ni rangi iliyopakwa na mchoraji, kwa hiyo inang'aa vile vile mchana na usiku. Kwenye Frostbite, jezi ina maelezo ya kitambaa chenyewe: kinanywa mwanga kiasi gani, kinarudisha kiasi gani. Taa zikibadilika, injini inakokotoa upya. Ndiyo maana kwenye flati ya banda lile, mechi ya jioni ilikuwa na kivuli kilichokata uwanja nusu, na mchezaji akitoka kwenye kivuli uso wake unabadilika. Mashine nayo imekua. PS4 ina gigabaiti 8 za memori, na picha yake ya pikseli 1,920 kwa 1,080 ina pikseli zaidi ya milioni 2, mara saba ya ile tuliyoipigia hesabu.

Teknolojia iliyozaliwa kubomoa nyumba ikaishia kumwangazia mtoto wa Mbagala. Mbwana Samatta, aliyeanzia Mbagala Market, timu iliyokuja kuitwa African Lyon, alijiunga na Aston Villa Januari 2020 na kuwa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England. Kwenye FIFA 20, dogo wa Rangi Tatu aliweza kumchagua jirani yake, akamvalisha jezi ya Villa na kumpeleka Wembley.

Konami na nyumba tatu

Mpinzani naye hakulala, ila alihama mno. RenderWare ilipomwacha njiani, Konami aliingia zama za PS3 akipapasa. PES 2008 kwenye PS3 ilikuja ikigandaganda, kosa ambalo mchezaji wa mpira hasamehe. Baadaye Konami akapata dawa nyumbani kwake: Fox Engine, iliyotengenezwa na kikosi cha Hideo Kojima kwa ajili ya Metal Gear Solid. PES 2014 ndiyo iliyoianza, mwaka 2013. Kwa miaka kadhaa wajuzi walibishana kwa haki kwamba mpira wa PES una uzito wa kweli kuliko wa FIFA.

Kojima aliondoka Konami mwaka 2015. Injini haikufa siku hiyo, lakini ilibaki kama gari ambalo fundi wake amehama mji. Mwaka 2021 Konami aliiacha na kuhamia Unreal Engine, akabadilisha na jina: PES ikawa eFootball. Toleo la kwanza lilitoka Septemba 30, 2021, na nyuso za wachezaji zilipinda kiasi cha kuchekesha dunia nzima. Konami aliomba radhi, na toleo lililotengemaa halikuja hadi Aprili 2022.

Linganisha. EA alikaa na injini moja ya mpira wa kisasa tangu 2016 na kuirekebisha kila mwaka. Konami, kuanzia PS2 hadi leo, ameishi nyumba tatu za watu wenye hulka tofauti, na kila kuhama kunavunja vyombo.

Lakini tusimpe Frostbite sifa zote. Hata zama za RenderWare, PES ilikuwa na kidonda cha leseni. Kwenye PES 6, Liverpool aliitwa Merseyside Red, na Chelsea akaitwa London FC. Wajanja wetu walitibu kwa memori kadi zenye majina yaliyorekebishwa. EA alilipia majina, majezi na viwanja. Mkataba wake na FIFA ulipokoma na gemu ikaitwa EA Sports FC kuanzia Septemba 2023, kikubwa alichopoteza ni neno moja. Ligi na wachezaji zaidi ya 19,000 walibaki kwake. Mabanda ya Temeke yalikwisha kutoa hukumu: hadi leo wanaiita FIFA. Picha nzuri bila jina la Salah mgongoni haijazi benchi.

Bilioni 55

Manunuzi hayakuishia kwa DICE. Mwaka 2021 peke yake EA ilitoa dola bilioni 1.2 kwa Codemasters, watu wa gemu za Formula 1, bilioni 2.1 kwa Glu Mobile na bilioni 1.4 kwa Playdemic. Hizo mbili za mwisho ni za gemu za simu. Ukipita Kinondoni jioni utaelewa kwa nini. Vijana wengi pale kijiweni hawana konsoli, wana simu. Wanacheza Dream League Soccer wakiwa wameingiza jezi za Simba na Yanga wenyewe, au gemu za PSP zilizorekebishwa na mashabiki, zinazokwenda kwenye simu ya bei ya chini. Hapo hakuna Frostbite. Injini inayoshinda ni ile inayokubali simu uliyonayo, na bando ulilobakiwa nalo.

Dunia nzima ilikuwa kwenye mnada wa aina hiyo. Microsoft ilitangaza Januari 2022 kuinunua Activision Blizzard kwa karibu dola bilioni 69, ikakamilisha Oktoba 2023. Sony ilijibu mwezi huo huo wa Januari kwa kutangaza kuinunua Bungie kwa bilioni 3.6. Kisha Septemba 29, 2025 ikawa zamu ya mnunuzi kununuliwa: mfuko wa uwekezaji wa serikali ya Saudi Arabia, pamoja na Silver Lake na Affinity Partners, walitangaza makubaliano ya kuichukua EA kwa dola bilioni 55, ambapo bilioni 20 ni fedha za mkopo.

Hapo ndipo mtu wa injini anapaswa kukaa macho. Deni la bilioni 20 lina riba, na riba hailipwi kwa kivuli kizuri uwanjani. Inalipwa kwa kuuza kadi za wachezaji ndani ya gemu na kupunguza gharama. Matunzo ya injini ni gharama isiyoonekana: mteja haoni tofauti mwaka wa kwanza ukiwapunguza mafundi wake. Ataiona mwaka wa tatu, kama wateja wa Konami walivyoiona.

Hukumu yangu

Criterion: EA ilipata studio, ikapoteza injini, kwa kuwa ilinunua imani ya washindani wake, kitu kisichouzika. DICE: ununuzi uliolipa kuliko ulivyotarajiwa, kwa sharti la kuvumilia miaka kumi na kuziumiza studio nyingine njiani. Studio ya Pandemic, iliyonunuliwa pamoja na BioWare, ilifungwa Novemba 2009, miaka miwili haijatimia, hasara tupu. Za simu za 2021 zilikuwa na mantiki ya soko, lakini kwenye vijiwe vya Kinondoni nilivyopita sikukuta anayezicheza. Kwa ujumla, EA imeshinda vita ya picha za soka kwa sababu ilikaa na injini yake kuliko mwenzake, si kwa sababu ilinunua nyingi.

Kabla sijatoka nilimuuliza mwenye banda: kama ungebakiza mashine moja, ungebakiza ipi? Nilidhani atagusa PS4.

"PS2," akasema. "Ile ya flati inaleta watu, kaka. Lakini inakula umeme wa Luku, pedi yake ikifa ni hela ndefu, na mkopo wake sijaumaliza. Hii ya chogo ilishajilipa siku nyingi. Kila mechi ni faida."

Alikuwa ameshafanya uchambuzi wote huu bila kusoma mkataba wa mtu. Habari za wanunuzi wa Saudi Arabia hazimpi presha. Anachotaka kujua ni kama toleo la mwaka ujao litatoka pia kwenye PS4. FC 26 ilitoka. Siku EA itakapoacha, PS5 itabidi inunuliwe, na bei ya mechi ya Rangi Tatu itapanda.